Maharage Aliyoyapanda Kokuhirwa

Kiruruma, Jumatano ya Majivu, 6 Machi 1946

Leo Padri amenipaka majivu kipajini akanikumbusha kuwa mimi ni mavumbi. Nilitaka kumjibu kwamba tangu juzi mimi ni mavumbi yenye njaa, lakini nyuma yangu watu walikuwa wengi.

Daftari hili alilisahau mwanangu Egbert alipokuja Krismasi kutoka Bukoba. Ameandika ukurasa mmoja tu, zilizobaki zote ni zangu. Mimi nilisoma kwa Mapadre miaka miwili, nikafukuzwa kwa kumwiga Padri anavyopiga chafya katikati ya mahubiri. Herufi nilizoondoka nazo zinanitosha.

Habari yenyewe ni hii: mke wangu Kokuhirwa ameondoka. Jumapili tulikuwa na wageni, tunamalizia pombe kabla ya Kwaresima. Akatuletea ndizi na maharage. Mgeni mmoja akauma kijiwe, jino likalia kila mtu akasikia. Basi mimi, na mdomo huu, nikasema: "Vumilieni, jamani. Mke wangu ananijengea nyumba tumboni. Msingi umekwisha, sasa tuko kwenye kuta." Walicheka mpaka mmoja akamwaga kibuyu chake. Walivyocheka, nikaongeza madirisha na paa.

Kokuhirwa alikuwa amesimama mlangoni. Miaka thelathini na mitatu amezoea utani wangu, na mara nyingi hucheka kabla yao. Safari hii hakucheka. Jumatatu asubuhi alichukua chungu alichoachiwa na mama yake, akaungana na wanawake waliokuwa wakienda Nyakasimbi, akaelekea kwa kaka yake Apolinary. Nilimwona akitembea, mkono ameuweka begani kwa mwenzake. Nikasema moyoni, tazama wanavyopendana.

Alikuwa amekwisha panda maharage ya masika. Yatakauka mwezi wa sita. Katika ukoo wetu maharage mapya hayaliwi ovyo. Mume humlisha mke tonge la kwanza, mke naye humlisha mume, ndipo nyumba nzima hula. Mume akionja peke yake, ametangaza kwamba hana mke tena, na hakuna atakayemwuliza zaidi. Kwa hiyo nina mpaka mwezi wa sita kumrudisha. Naona ni muda mwingi. Atarudi wiki hii.

8 Machi

Nimekula ndizi ya kuchoma.

9 Machi

Ndizi ya kuchoma.

11 Machi

Nimepika! Mwanamume wa Kinyambo, mwenye mvi mpaka puani, amechutama mbele ya mafiga. Nilifunga mlango kwanza nisionekane, moshi ukanikamata humo kama mwizi.

Vyombo ninavyo vitatu: sufuria moja isiyo na kifuniko, kisu, na mwiko uliopasuka. Nikakata mkungu mnono kuliko yote shambani, nikamenya, nikachemsha na chumvi. Nilipoonja, ulimi ulijikunja ukataka kurudi kooni. Ule ukakasi sijawahi kuuona hata kwenye dawa ya minyoo.

Jirani yangu Anatolia, mjane, akaniita kwa heshima ya wazee kutoka ng'ambo ya ua: "Ta Melkiory! Unachoma kitu gani humo?"

"Shikamoo, bibi," nikamwambia. Namzidi umri, naye huchukia sana salamu hiyo. "Napika ndizi."

"Ndizi gani? Hebu nionyeshe ganda."

Nikamrushia ganda. Alilitazama, akakaa chini palepale kwenye matope. "Mbire, jamani! Mzee mzima unapika ndizi za pombe! Wewe hujui migomba yako mwenyewe?"

"Naijua yote," nikasema. "Ila naijua kwa kuinywa."

Ni kweli. Sisi wanaume tunaitunza migomba ya pombe, ile ya chakula ni ya mke. Nimeishi humu shambani tangu kuzaliwa, na nusu ya shamba langu sikuijua.

13 Machi

Anatolia amekubali kunifundisha, lakini hataki kuingia jikoni kwangu, watu watasema. Anakaa upande wake wa ua, anapiga kelele, mimi natenda upande wangu. Somo la kwanza: tandika majani ya mgomba chini ya sufuria, panga ndizi, maji kidogo tu, funika kwa majani mengine ukiyakandamiza pembeni mvuke usitoke. "Kifuniko cha nini?" alisema. "Mungu amekuotesha vifuniko shamba zima." Kisha moto mdogo, na mikono mbali.

"Nisifunue nikaangalie?"

"Ukifunua kila saa, unamlisha nani, wewe au inzi?"

Zimeiva. Laini, rangi ya manjano. Nimekula kwa mchicha uliochemshwa kwa chumvi. Nyama ni Kwaresima, na hata isingekuwa Kwaresima, sina.

15 Machi

Mvua. Ndizi na mchicha.

17 Machi, Jumapili

Hakuna aliyeniambia kwamba utomvu wa ndizi hautoki kwa maji, lazima upake mafuta mikononi kabla ya kumenya. Misa nzima nilificha vidole vyeusi kwapani, katekista akadhani nina homa. Nilipopita dukani kwa Zubeiri kununua chumvi, ilibidi nitoe mkono.

"Ta Melkiory," akasema akiutazama, "kumbe siku hizi unatengeneza baiskeli?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu." Akacheka sana, nami nikacheka. Njiani sikucheka tena.

24 Machi, Jumapili

Nimekwenda Nyakasimbi na kibuyu kikubwa cha pombe, maana hivyo ndivyo mtu anavyomfuata mke kwa wakwe. Kwaresima imenikataza kunywa, haijanikataza kubeba.

Apolinary alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Kibuyu hakukigusa. "Shemeji," akasema, "ulimwaibisha dada yangu kwa chakula, unakuja kumwomba kwa pombe. Anakunywa pombe yeye?"

"Hanywi."

"Basi umemletea nani? Umejiletea wewe."

Nikauliza Kokuhirwa yuko wapi. "Yuko ndani," akasema. "Anakusikia."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema neno. Nilikuwa nimelipanga njia nzima, neno zuri, la unyenyekevu. Lakini nilipoona watu wamekusanyika mlangoni wanatazama, mdomo wangu ukapata njia yake. Nikapaza sauti: "Mwambieni fundi wangu kwamba nyumba ya tumboni imebaki bila paa, na mvua inanyesha!"

Hakuna aliyecheka. Nilibeba kibuyu changu nikarudi nacho kikiwa kimejaa, na kilikuwa kizito kuliko wakati wa kwenda.

2 Aprili

Maharage yameota, na yameota ajabu. Hapa manne yamebanana kwenye shimo moja, pale hatua mbili hakuna kitu, kule mstari umekwenda kombo mpaka kwenye migomba. Nimemwambia Anatolia, mke wangu kapanda kama mlevi. Alinitazama, akaokota jembe lake akaenda zake.

5 Aprili

Mvua. Nimechemsha maharage ya zamani nikasahau maji. Yameungua. Sufuria nimeisugua kwa mchanga mpaka kucha zikauma.

8 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Tangu asubuhi mvua ilinifungia jikoni. Nilitaka chumvi, na giza lilikuwa limejaa humo kwa ajili ya mawingu na moshi. Vibuyu vya Kokuhirwa vinaning'inia ukutani, vyote sawasawa. Nikapapasa cha kwanza, kamba yake ina fundo moja. Chumvi. Cha pili kina mafundo mawili. Unga wa ulezi. Cha tatu, matatu. Karanga. Cha nne, manne. Maharage.

Nikasema, huyu mama ana mambo, kwani hawezi kutazama ndani?

Kisha nikatulia. Nikaangalia kuni. Nyembamba zote zimepangwa kushoto kwa mafiga, nene kulia, na katikati ameacha nafasi ya kupitisha mkono. Kisu nakirudisha kila mara alikokuwa amekichomeka kwenye nguzo, usawa wa kiuno, mpini ukitazama pale anapokaa. Nikakaa pale. Nikafumba macho, nikanyoosha mkono. Nikapata kisu. Nikapata chumvi. Nikapata ukuni mwembamba. Ningeweza kupika humo bila kufumbua macho hata mara moja.

Nilitoka kwenye mvua vile vile nilivyo, nikaenda uani kwa Anatolia. Sikusema shikamoo.

"Haoni," nikasema.

"Anaona kivuli," akasema. "Jicho la kulia lilitangulia. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

"Vile vijiwe kwenye maharage..."

"Alikuwa anayachambua kwa vidole, baba. Vidole navyo huchoka. Nilipopata nafasi nilimsaidia."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua tu, jioni utakuwa umelipeleka jambo hili kilabuni kwenye pombe, watu wakicheka."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali sikuiona, maana ningelipeleka. Tena najua hata namna ambayo ningelianza.

9 Aprili

Sikupika.

10 Aprili

Ndizi ya kuchoma.

19 Aprili, Ijumaa Kuu

Ibada imekwisha, mvua imepumzika. Nimekumbuka kamba.

Mwaka jana Kokuhirwa alikuwa amefunga kamba ya maganda ya mgomba kutoka nguzo ya jikoni mpaka mlango wa nyumba. Mimi nilijua ni ya kuanikia nguo. Mwezi wa kwanza nilihitaji ya kufungia mbuzi, nikaikata. Aliniuliza kamba yake iko wapi. Nikamjibu imeolewa. Akauliza na nani. Nikasema na mbuzi, na mahari imeliwa. Akacheka, nakumbuka vizuri kwamba alicheka.

Leo nilisimama jikoni, nikafumba macho, nikatembea kuelekea nyumbani. Ni hatua kumi na tisa. Hatua ya nane nilijigonga kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, ambao kila nikitengeneza pombe nauacha mahali pengine. Ngozi ya muundi ikachanika. Nikakaa juu ya mtumbwi huo nikihesabu ni mara ngapi nilimwona na jeraha hapo hapo, nikamwuliza kama anacheza mpira.

27 Aprili

Nimemwomba Anatolia anifundishe kila kitu anachokijua. "Wanaume wengine wakitubu huenda kwa Padri," akasema. "Wewe umekuja kwa majani ya maboga."

Majani ya maboga: vunja kikonyo, vuta zile nyuzi mpaka chini, la sivyo utakula kamba. Sugua kidogo kwa viganja. Yachemshe maji yakiwa tayari yanatokota, usiyaue. Karanga: kaanga kwenye sufuria kavu, ukikoroga bila kuchoka, twanga, changanya na maji ya vuguvugu kabla ya kumimina. Ukimimina unga mkavu utapata madonge.

Nilipata madonge.

4 Mei

Uyoga umetoka kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Hofu ilinishika, nikampelekea Anatolia kwanza. Akanusa, akatupa mmoja, mingine akaniachia. Nimepika na karanga, bila madonge. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba niligeuka kumwambia mtu.

Katika miaka thelathini na mitatu sikumbuki siku niliyomwambia Kokuhirwa chakula ni kizuri. Kikiwa kizuri nilikula nikanyamaza. Kikiharibika ndipo nilipata maneno.

9 Mei

Mvua. Mbavu zinauma kwa kuchutama. Yeye alichutama hapo akiwa na mimba ya Egbert.

12 Mei, Jumapili

Nimerudi Nyakasimbi. Pombe sikubeba. Nilibeba ndizi za kupondwa, maharage ya zamani, majani ya maboga kwa karanga, vyote nimevifunga kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni ili yasipasuke.

Safari hii alitoka nje mwenyewe. Alitembea uani kwa Apolinary bila kusita, akakwepa kinu, akakaa. Nikamwekea chakula mapajani, nikafungua. Akanusa.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Usinitanie, baba Egbert."

"Shika mikono yangu."

Akaishika, akapapasa utomvu uliokauka kwenye vidole, akaiachia taratibu. Akaanza kula.

"Karanga umezikaanga mno."

"Zimeungua kidogo."

"Zimeungua sana." Lakini alikula mpaka mwisho, akafuta jani kwa kidole.

Nikamwambia kwamba nimejua. Akauliza nani kanong'ona. Nikasema vibuyu. Mdomo wake ukacheza kidogo, sikujua ni kicheko au kilio, na safari hii sikuongeza neno la kumsaidia.

"Siku ile ya wageni," akasema, "nilitaka kucheka. Nilikitafuta kicheko nikakikosa. Ndipo nikajua nimechoka."

"Rudi nyumbani. Nimefunga kamba mpya. Mtumbwi nimeutoa uani kabisa."

"Hapa sihitaji kamba. Hapa nilijifunza kutembea. Miguu yangu inapajua."

"Na kule miaka thelathini na mitatu?"

"Kule unahamisha vitu, baba Egbert. Leo umeutoa mtumbwi. Kesho utalewa, utaweka kingine. Si kwa ubaya. Wewe ndivyo ulivyo."

Nikauliza, "Na maharage?"

"Yangu yameota vipi?"

Nilikumbuka nilivyosema kwa Anatolia. Nikajibu, "Yamejaa shamba."

"Muongo," akasema. "Yakikauka, fanya utakavyoona. Sitakulaumu."

20 Mei

Mvua inaondoka. Nimepika viazi vitamu.

3 Juni

Habari ya macho yake imefika kilabuni, si kwa mdomo wangu, na wananishauri. Wanasema onja maharage yako, yaishe, uoe msichana mwenye macho manne. Kila mtu alingoja niseme kitu cha kuchekesha. Nikanywa nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia mmoja akisema, mzee amekuwa mgonjwa.

10 Juni

Nimeng'oa maharage. Nimeyapiga kwa fimbo, nikayapepeta, Anatolia akinicheka kwa vumbi lililonijaa masikioni. Si mengi, kwa jinsi yalivyopandwa. Nimeyachambua siku nzima juani, kwa macho yangu mazima mawili, na bado mgongo uliniambia niache. Sikujua kazi hii ni ndefu hivi.

Harufu yake mbichi ni nzuri. Sijaonja.

15 Juni, Jumamosi

Nimeondoka alfajiri, sufuria kichwani, maharage ndani yake, nikafika Nyakasimbi umande ukiwa bado. Nilikutana na watu njiani. Mwanamume mwenye mvi amebeba sufuria kichwani, waliniamkia huku wakitazama pembeni.

Nikamwambia Apolinary, "Shemeji, naomba mafiga yako."

"Ya nini?"

"Nipike."

Akatazama huku na huku. Mkewe Celestina alishika mdomo. "Shemeji, mkwe hapiki kwa wakwe," akasema Apolinary. "Hata wazee wetu waliozikwa hawajaona jambo hili. Utaniaibisha."

"Kaa karibu yangu basi, tuaibike wawili."

Nikapika pale pale nje, mbele ya kila aliyependa kuja kutazama, na walikuja wengi. Maharage niliyachemsha mpaka yakaanza kupasuka ngozi, ndipo nikaweka ndizi juu yake vipande vipande, bilinganya chungu nne, chumvi, majani ya kufunikia. Hakuna kingine. Wanawake walianza kwa kucheka. Baadaye mmoja akaniambia nipunguze kuni. Celestina akaniletea maji bila kuombwa. Mwishowe walikuwa wananielekeza wote kwa pamoja, nami nikawatii.

Kokuhirwa alikaa, uso ameuelekeza kwenye sauti ya sufuria.

Chakula kilipoiva nikakiweka kwenye jani. Nikamwambia, "Mama Egbert, ni yale uliyoyapanda. Yalikuwa yameota kombo."

"Najua," akasema.

Nikachukua tonge, nikapuliza, nikamlisha. Alitafuna polepole.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Imepungua."

Kisha akapapasa jani, akachukua tonge lake, akanyoosha mkono. Sikutegemea kwamba atafanya. Mkono ulikuja moja kwa moja, bila wasiwasi, kuelekea sikio langu. Watoto wa Apolinary walikuwa wamefungua midomo tayari kucheka.

Nikasogeza kichwa. Nilikipeleka upande haraka mpaka mdomo wangu ukawa pale vidole vilipofika. Nikala. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakukuwa na cha kucheka. Mke amemlisha mume wake.

Nikamwambia ni kizuri. Akasema, "Umekipika mwenyewe, unajisifu." Baadaye akasema amechoka na jua, akainuka, akaingia ndani kwa miguu yake inayopajua. Hakusema atarudi. Sikumwuliza. Kwa Apolinary ndiko atakakokaa, na mimi bado ni mumewe, nitakwenda kila nikiweza.

Sijui kama alijua nimesogea. Kilabuni wangenilipia pombe mwezi mzima kwa habari kama hii, na sitawasimulia.